Midomo Yenye Ladha ya Siki

Mashine ilitoa arobaini na sita. Mbu akaifuta, akaiwasha upya, akaweka tone jingine la damu ile ile. Arobaini na sita. Mara ya tatu alirudi nyuma hatua mbili na kuweka mikono mgongoni, akidhani labda ni yeye anayeitia wasiwasi. Lakini mashine haina mchumba, wala haina mkwe wa kumwogopa. Ilitoa arobaini na sita, na karatasi ikajichapa yenyewe.

Nisikuzungushe. Damu ile ilikuwa ya mwanamke aliyempenda, na namba ile ilikuwa kipimo cha risasi mwilini mwake. Si risasi ya bunduki, la. Ni yale madini laini ya kijivu ambayo mafundi wa madirisha ya kanisa huyakata mikanda ili yashike vipande vya vioo vya rangi. Ukiyagusa kila siku yanakuingia polepole, huyaoni wala huyasikii, mpaka siku tumbo linasokota, kichwa kinagonga, na mimba inatoka bila kuaga. Sheria ya ofisi ya ukarabati ilikuwa fupi. Ikivuka arobaini, fundi anatoka karakanani siku hiyo hiyo na harudi mpaka ishuke chini ya ishirini. Hiyo ni miezi minane, ukibahatika. Na dirisha la kanisa kuu alilokuwa akilichora lilikuwa limebakiza wiki tano.

Jina la cheti Mbu analo, lakini pale kanisa kuu hakuna aliyelijua. Kila baada ya miezi mitatu alitoka zahanati na kisanduku chake cha sindano, akakaa kwenye meza ndogo karibu na geti, na mafundi wakaja mmoja mmoja kutolewa mrija wa damu. Wakamwita Mbu. "Mbu kaja, shusheni mikono ya mashati," waliambiana, wanaume wazima wanaopanda jukwaa la ghorofa nne bila kamba, halafu sindano ikitokea wanaanza kuulizia choo kiko wapi. Mwanamke alikuwa mmoja tu kati yao, na ndiye pekee ambaye hakugeuza uso. Siku ya kwanza alitazama damu yake ikipanda kwenye mrija, akasema kwamba wekundu ule hakuna tanuri duniani linaloweza kuutoa. Mbu alisahau kufungua mpira aliomfunga mkononi. Mkono ulianza kubadilika rangi ndipo alipokumbushwa.

Kazi ya mwanamke huyo ilikuwa nyuso. Wengine walikata kioo, wengine walikunja mikanda, wengine walipaka saruji, lakini macho, pua na midomo ya watakatifu ilichorwa na mtu mmoja, na mtu huyo aliitwa Fundi wa Nyuso. Kabla yake alikuwa baba yake, Mzee Kioo, ambaye sasa alibaki kuwa msimamizi wa karakana kwa sababu mikono ilimgomea. Dirisha walilokuwa wanalitengeneza lilikuwa na vyumba tisa, na ndani yake maisha ya mtakatifu mmoja tangu kuzaliwa. Alikuwa binti aliyeacha nyumba ya baba yake, akaenda kuuguza wakoma, akafa juu ya mkeka huku ameshikwa na watu wasio na vidole. Dhoruba ilikuwa imerusha bati la paa la jirani likapita katikati ya dirisha hilo. Nyuso tatu zilivunjika. Mzee Kioo aliwahi kuzichora upya mbili kabla mikono haijamsaliti. Ya tatu, ile ya mkekani, ilimwangukia binti yake, na mara mbili imepasukia tanurini.

Penzi ni kikohozi, halifichiki. Kufikia kipimo cha pili mafundi wote walishajua, na kufikia cha tatu hata mwashi kiziwi aliyekuwa akitengeneza ngazi za mnara alijua. Mara ya kwanza kumbusu ilikuwa nyuma ya stoo ya mbao, na Mbu alipovuta pumzi alimuuliza kama siku hizi anakunywa siki badala ya chai. Mwanamke alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akaeleza kwamba rangi ya nyuso huchanganywa na siki, na siki haina adabu, inaingia kila mahali. Mbu akaizoea ladha hiyo. Nyumbani kwake, mtu mzima na ajira ya kudumu, alikuwa anafungua kabati la jikoni na kunusa chupa ya siki kisha anaifunga. Msimcheke. Na nyinyi mnayo mambo yenu.

Posa alipeleka mara mbili. Mara ya kwanza Mzee Kioo alisema mkono wa binti yake bado una kazi, dirisha likiisha ndipo waje wazungumze. Mara ya pili Mbu alimtanguliza mjomba wake, mtu wa maneno ya asali, na Mzee akasikiliza yote kisha akauliza swali moja: mumewe atamwacha ashike brashi? Wanaume wengi humtaka fundi, alisema, halafu wakishamweka ndani wanamtaka asiwe fundi. Mbu aliapa pale pale, mbele ya mjomba, kwamba yeye hatakuwa mtu wa kuitoa brashi mkononi mwa binti yule. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Ndicho alichokuwa nacho Mbu mpaka leo, kutikisiwa kichwa mara moja.

Sasa alikuwa na fomu mfukoni. Ilikuwa na nafasi tatu: namba, sahihi ya mpimaji, sahihi ya msimamizi. Alikuwa hajaandika chochote. Alitembea kutoka zahanati mpaka kanisa kuu kwenye jua la saa tisa, akijiuliza swali lile lile lililomsumbua tangu kipimo kilichopita. Mwanamke huyu huvaa glavu. Huvaa barakoa kwenye chumba cha mikanda. Hunawa mpaka viwiko kabla hajashika hata kipande cha mkate, hubadili nguo kazini, hafugi kucha. Mwanzo alikuwa na kumi na nane, kipimo kilichopita ishirini na saba, leo arobaini na sita, wakati wale wanaume wanaopangusa pua kwa glavu hizo hizo hawajavuka kumi na tano. Risasi inamwingia kupitia wapi?

Chumba cha nyuso kilikuwa mwisho wa ujia, na mlango wake haukufunguliwa na mgeni. Ilikuwa sheria ya Mzee Kioo: uso ukichorwa hakuna kutazama, kwa sababu mkono ukijua unatazamwa unaanza kujionyesha. Katika miaka miwili Mbu hakuwahi kuingia. Leo alisukuma mlango bila kubisha.

Mwanamke hakumsikia. Alikuwa ameinama juu ya meza ya taa, ile meza yenye kioo juu na mwanga chini, na mwanga ulimpanda shingoni na kidevuni. Chini yake ulilala uso wa mtakatifu, nusu umekamilika, jicho moja likiwa na kope na jingine bado. Mbu alisimama pale pale mlangoni. Alitaka kumtazama kidogo tu kabla hajamharibia siku. Mwanamke alichovya brashi kwenye kisahani cha rangi nyeusi. Kisha akaipeleka mdomoni, akaibana kati ya midomo, akaizungusha taratibu, akaivuta nje ikiwa na ncha nyembamba kama unywele, akachora kope moja. Tena kisahani. Tena midomo. Kope nyingine.

Tusidanganyane, mwanzoni aliitazama midomo ile kwa macho ya mwanamume. Damu ilimchemka, akameza mate. Ilipofika mara ya nne au ya tano ndipo akaliona doa jeusi kwenye mdomo wa chini, na ile damu iliyokuwa inachemka ikapoa yote kwa pamoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutaja mdomo.

"Hiyo rangi ina nini ndani?" aliuliza.

Hakushtuka. Alimaliza kope kwanza, ndivyo alivyo. "Umeingiaje humu? Baba akikukuta atakutoa kwa fimbo."

"Nimekuuliza ina nini."

"Kioo kilichosagwa. Chuma kidogo, siki, gundi." Akaitazama brashi. "Baba alikuwa akiichanganya mwenyewe."

"Na risasi."

Brashi ikawekwa chini, polepole, kwenye kitambaa chake. Chumba kilikuwa na rafu moja ndefu iliyojaa chupa zisizo na lebo za dukani, zote zimeandikwa zamani kwa mkono wa Mzee Kioo: nyeusi ya macho, kahawia ya nywele, kivuli cha shavu.

"Ngapi?" aliuliza mwanamke.

"Arobaini na sita."

Mwanamke akavuta kitambaa cheupe akaufunika uso wa mtakatifu, kama mtu anayemfunika mtoto asisikie ya wakubwa. Mbu alianza kusema mengi kwa mpigo. Alisema habari ya glavu na barakoa na sabuni, ya miezi aliyokesha na vitabu akitafuta ufa ambao sumu inapitia, kumbe mlango uko wazi na yeye mwenyewe ameubusu. Alisema kuanzia leo maji na kitambaa, siyo ulimi. Alisema na kusema. Mwanamke alimsikiliza, na kusikiliza kwake kulikuwa kutulivu mno. Mbu akanyamaza katikati ya neno.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Tangu ishirini na saba."

Basi hapo Mbu alikaa. Kulikuwa na kigoda, akakikalia. Alimuuliza kwa sauti ya chini alikuwa anamfanyia nini yeye, mtu aliyekuwa akipanga naye majina ya watoto. Mwanamke akamjibu kuhusu brashi. Alikwishajaribu maji. Alikwishajaribu kitambaa, sifongo, hata ncha ya kidole. Mstari unatoka umekufa, alisema, unatoka kama wa mtu anayeandika barua ya ofisi, na ile mara mbili uso ulipopasuka tanurini ilikuwa ni rangi imekaa nene kwa sababu brashi haikupata ncha. Midomo tu ndiyo inayojua. Lakini hayo, aliendelea, hayakuwa sababu.

"Sababu ni ipi?"

"Nilikuwa na miaka tisa. Baba alinipakata mbele ya meza hii hii. Akaniambia, mama, brashi haina ncha mpaka ulimi umeipa. Akanionyesha kwa mdomo wake." Akashusha pumzi. "Wewe ni mtu wa hospitali. Mikono yake umeiona. Ulifikiri ni uzee?"

Alifikiri ni uzee. Kila mtu alifikiri ni uzee. Viganja vya Mzee Kioo vilikuwa vinaning'inia kutoka kwenye vifundo kama glavu zilizoanikwa, na akitaka kuinua kikombe ilibidi mkono wa kushoto uende kuusaidia wa kulia. Tumbo lilimsumbua miaka. Hasira zilimpanda bila sababu. Vitabu vyote vya Mbu vilikuwa vimeyaandika hayo, ukurasa mmoja, mistari michache, na yeye amekaa sebuleni kwa mzee huyo mara mbili akiomba mke na hakuuona ukurasa ule ukiwa umeketi mbele yake.

"Nikikubali kwamba ni brashi, nimekubali na la Baba," alisema mwanamke. "Atajua kwamba alijiharibu mwenyewe. Halafu atajua kwamba aliniharibu na mimi. Baba yangu ana mambo mawili tu duniani. Dirisha lile na mimi."

Aliomba kisha. Aliomba kwa utaratibu, vidole vyake vikiwa juu ya goti la Mbu. Amwandikie thelathini na nane. Wiki tano tu, amalize uso, halafu atakaa nyumbani hata mwaka mzima. Atafanya lolote atakaloambiwa, atakunywa dawa, atalala, ataolewa, atazaa. Mbu aliutazama mkono ule na kuona kitu ambacho miezi mitatu nyuma hakikuwapo. Ukiwa umetulia, kidole cha kati kilikuwa kinashuka kidogo kuliko vingine, na yeye hakuwa na habari.

"Siwezi," alisema.

"Unanipenda lakini."

"Ndiyo maana siwezi. Wiki tano na brashi hiyo, kisha nani atakulisha kwa kijiko? Namba nitaandika ile ile."

"Basi Baba atauliza imetoka wapi."

"Atauliza."

"Nitasema vumbi," alisema mwanamke. "Vumbi la chumba cha mikanda. Na wewe utasema vumbi. Niahidi hilo, kama lile jingine huliwezi."

Mbu alijua anachoombwa. Vumbi si kitu. Vumbi linafagiliwa. Mtu anayemtoa fundi kwenye uso wa mwisho kwa ajili ya vumbi ni mtu aliyevunja kiapo chake bila sababu, mume mwoga, kila alichokiogopa Mzee. Akisema vumbi anampoteza mwanamke huyu, na akisema kweli anampoteza vile vile, maana hatamsamehe. Angalau kwa vumbi mzee atalala usingizi. Alitikisa kichwa kukubali. Mwanamke akaushika uso wake kwa mikono miwili, akataka kumbusu, kisha akakumbuka midomo yake ina nini. Akaweka paji lake la uso kwenye paji la Mbu, wakabaki hivyo. Mbu akatoa kalamu, akaandika namba, akatia sahihi yake.

Mzee Kioo alikuja saa kumi kama kawaida yake. Walimsikia ujiani kwa kikohozi chake na kwa viatu anavyoviburuta, na wakaachana kama watoto waliokutwa kwenye sukari. Alisimama mlangoni, mrefu, kichwa cha nywele nyeupe, viganja vikiwa vimelala mbele ya koti. Alimtazama Mbu, akatazama kitambaa kilichofunika uso, akatazama karatasi mezani.

Aliuliza mgeni huyu amefuata nini kwenye chumba cha nyuso. Mbu alisimama, akamwamkia, akasema amekuja kikazi, na kwamba namba ya binti imepanda na anatakiwa kupumzika. Mzee aliuliza imepanda kufika wapi. Akaambiwa. Akauliza imepandaje.

"Vumbi, Baba," alisema binti yake.

"Vumbi," alisema Mbu.

Mzee akaanza kuzungumza, na hakupaza sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Uliapa."

"Niliapa, Mzee."

"Mjomba wako alikuwa amekaa pale, wewe pale. Nilikuuliza kitu kimoja tu. Sikukuuliza una nyumba, sikukuuliza ukoo."

"Ndiyo, Mzee."

"Na leo, uso wa mwisho uko mezani, kope moja moja zinawekwa, umekuja na karatasi. Kwa vumbi. Fagio huna?"

Mbu alimtazama mwanamke. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, na macho yake yalikuwa yanamwomba, yanamwomba, wala hayakufumba. Sentensi moja ingetosha. Alikuwa nayo ulimini kabisa, fupi, ya kweli, yenye kumsafisha. Akaimeza.

"Sina la kusema, Mzee."

"Basi mwambie mjomba wako asihangaike tena. Binti yangu hana mchumba." Alimgeukia binti. "Rangi inakauka, mama. Nipishe."

Wote wawili hawakuelewa mara moja. Mzee alikwishakaa kwenye kiti cha meza ya taa. Alikivuta kitambaa kwa mkono wa kushoto, akautazama uso kwa muda, akasema kope hizi ni nzuri, hizi ni nzuri kabisa, kama wewe huruhusiwi basi mimi sijakatazwa na mtu. Atazichora taratibu. Akilazimika ataushika mkono kwa mkono, kama anavyoshika kikombe. Binti yake akasema "Baba," kisha hakujua aongeze nini, kwa sababu lolote ambalo angeongeza lilikuwa na mlango wa nyuma wa kuingilia lile asilotaka kulisema. Mzee alichukua brashi. Aliichovya kwenye kisahani. Mkono wa kushoto ukauinua ule wa kulia kwa kifundo, juu, juu zaidi, na midomo yake ya kizee ikajifungua kuipokea.

Mbu hakukusudia. Alikuwa ameahidi kwa kinywa, na kinywa alikitunza. Ni mkono uliokwenda wenyewe ukamdaka mzee kifundoni, mkono wa mtu mwenye umri wa mtoto wake, na ukamzuia. Brashi ilisimama nusu inchi kutoka kwenye midomo.

"Unanishika mkono?" alisema Mzee Kioo.

Mbu hakuachia. Mzee alimtazama kwa hasira kwanza, na hasira ile ilitafuta pa kutua, ikatua kwenye vidole vya Mbu, kisha kwenye brashi ambayo vidole vile vilikuwa vinaizuia, kisha kwenye kisahani. Kumbuka alikuwa fundi huyu. Miaka hamsini alikuwa akitazama vipande vilivyotawanyika mezani na kujua picha ni ipi. Aligeuka kwenye kiti.

"Mama, hebu nitazame."

Binti alimtazama.

"Mdomo wako una rangi."

"Ndiyo, Baba."

"Na wangu ulikuwa hivyo. Marehemu mama yako alikuwa akinifuta kwa pindo la kanga." Alitazama viganja vyake, kimoja baada ya kingine, kama vitu vilivyosahauliwa na mtu mwingine mapajani mwake. "Kumbe."

Binti alipiga magoti. Alianza kusema kwamba si hakika, kwamba vumbi nalo lipo, kwamba watu wengi, kwamba damu hubadilika, na kila neno lilizidi kumwonyesha mzee kwamba amekisia sawa. Mbu aliachia kifundo. Alitamani aombe radhi lakini hakujua aombe ya lipi.

"Wewe ungeniacha nikufukuze," Mzee alimwambia. "Kwa vumbi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na yeye angekuacha uende."

Binti aliitoa brashi mkononi mwa baba yake, akaiweka mbali.

Mzee Kioo aliomba kalamu. Alisema fomu ile ina nafasi ya msimamizi, na msimamizi ni yeye. Mbu aliisogeza karatasi, akakiweka kidole chake kwenye mstari. Kalamu ilishikwa, ikadondoka. Ikashikwa tena. Kiganja hakikuinuka kutoka mezani. Mzee alikaza meno, mshipa ukamtoka shingoni, na kiganja kikabaki pale pale kama si chake. Alijaribu kwa kushoto, kushoto kukakataa. Kisha akamwambia binti yake, kwa upole, amsaidie.

Alimsaidia. Niliwaambia kwamba huyu ni mwanamke asiyegeuza uso sindano inapoingia, na hapa pia hakugeuza. Alipitisha mkono wake chini ya kifundo cha baba yake, akakiinua, akakishikilia juu ya karatasi, na mzee akaandika jina lake kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka, akimtoa binti yake kwenye dirisha. Machozi ya mwanamke yalianguka kwenye mkono wa koti la mzee, siyo kwenye karatasi. Alikuwa makini hata kwa hilo.

"Haya," alisema Mzee. Alipumzika. Kisha akainua macho kwa Mbu. "Mchukue."

"Mzee?"

"Ulikuwa unaniomba, siyo? Mara mbili umeniomba. Nimekupa. Mchukue leo, umtoe nyumbani kwangu, umpeleke mahali ambapo mimi sipo. Nisimfundishe kitu kingine."

Miaka miwili Mbu alikuwa amejifunza atakavyolipokea neno hilo. Angepiga goti. Angesema asante baba, kwa mara ya kwanza angesema baba. Mjomba angepigiwa simu, nyumba ingejaa watu, na yeye angetafuta macho ya mtu mmoja tu ng'ambo ya sebule. Sasa neno lilikuwa limekuja, limekaa mezani kati ya chupa, na hakuweza kulinyooshea mkono.

"Siendi, Baba," alisema mwanamke. Bado alikuwa amekishika kifundo. "Asubuhi nani atakufunga vifungo vya shati?"

"Nitavaa fulana."

"Siendi."

"Mwambie aende," Mzee alimwambia Mbu. "Wewe si ndiye mumewe? Mwambie."

Mwanamke naye akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu baba ashikwe mkono, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Mbu aliyasoma macho yale bila shida, maana alikuwa amefanya kazi ya kuyasoma kwa miaka miwili. Yalisema nakupenda. Yalisema pia kwamba akithubutu kumshika mkono wakati huu, mbele ya mzee huyu, amwondoe kwenye kiti hiki, basi atakuwa na mke na hatakuwa naye.

Mmoja alikuwa anamsihi amchukue, mwingine anamsihi amwache, na wote wawili walikuwa wamepauka kwa sumu ile ile. Ofisi ya ukarabati ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Mbu alinyoosha mkono na kuichukua fomu, maana kati ya vyote vilivyokuwa pale ni hiyo tu aliyoruhusiwa kuondoka nayo.